Gari la Bwana Salehe Lilikuwa na Milango Mingapi

Vijana wa karakana, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na daftari kubwa, mkasema, "Mzee Kosmasi, tuandikie ulivyopanda." Saa naisikia hapa inagonga. Kuhusu kupanda, vyeo vyangu vimo kwenye faili la ofisi, na mishahara niliila yote, hakuna kilichobaki cha kusimulia. Nitaandika habari za gari moja la zamani na vigari viwili vya kuunganisha vilivyofika Ifakara miaka ya hamsini, nikiwa bado fundi mchanga. Nilidhani miaka ikipita ningeyaelewa yaliyotokea. Sijayaelewa, lakini macho nayo yameanza kuniaga, kwa hiyo afadhali niandike hivyo hivyo.

Niliingia karakana yenu hiyo ya Kibaoni, Ifakara, asubuhi ya Jumatatu nikitokea nyumbani Lumemo, nyundo yangu mwenyewe mkononi. Karakana ilikuwa ya Bwana Salehe, mfanyabiashara ambaye baba yake alitoka pwani akafungua duka la nguo na chumvi. Nyuma ya duka hilo ndipo tulipotengeneza milango, vitanda, mitumbwi midogo na majeneza. Fundi mkuu alikuwa Fundi Alfonsi, Mndamba wa Idete, mtu mfupi mwenye mikono mirefu. Aliitazama nyundo yangu akauliza, "Hii ya kutwangia karanga?" Kisha akanipa ufagio, na nikafagia maranda yake wiki mbili nzima kabla sijagusa mbao.

Fundi Alfonsi hakutumia futi. Alikuwa na kamba yenye mafundo na kijiti chenye alama alizozichonga mwenyewe, na kwa vitu hivyo viwili aliweza kukufanyia dirisha likaingia kwenye ukuta bila kupigwa nyundo. Karakana yake ilikuwa na sheria moja tu. Fundi akishapima, mwanafunzi hapimi tena. "Ukipima nyuma yangu," alituambia, "umewaambia watu kwamba mimi mwongo. Kama una shaka, niulize, nitapima mwenyewe." Mimi nilikuwa nimefika darasa la sita na nilikuwa na futi ya kukunja niliyoipenda kuliko viatu vyangu. Niliiacha mfukoni miaka mitatu. Kila nilichokijua kuhusu mninga na mkangazi, jinsi ya kusikiliza patasi, jinsi ya kujua mbao itapinda kabla haijapinda, nilikipata kwa mtu huyo.

Sasa gari. Bwana Salehe alilinunua kwa mzungu mmoja wa shamba aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa gari la kizamani hasa, la wazi, lenye turubai juu na taa za shaba, umri wake kama wa baba yangu. Lakini Bwana Salehe alinunua jina tu la gari. Magari ya wakati ule mwili wake ulikuwa mbao ndani na bati nje, na mbao zile mchwa walikuwa wamezila zote wakabakiza vumbi. Bati za ubavuni zilikwisha kuwa majiko ya mkaa zamani sana. Kilichofika Kibaoni, kikikokotwa na lori la mpunga, kilikuwa injini, magurudumu, usukani, fremu ya chuma na zile taa. Bwana Salehe alilizunguka mara mbili akasema, "Fundi, lirudishe lilivyokuwa."

Fundi Alfonsi hakuwa na wasiwasi. Ujanani mwake aliwahi kuwa kibarua wa mzungu yuleyule, na kazi yake ilikuwa kuliosha gari hilohilo. Aliokota mkaa akaanza kulichora ukutani.

Tungemaliza kazi miezi miwili baadaye na nisingekuwa na cha kuandika, ila Bwana Salehe alikwenda Dar es Salaam kununua nguo. Huko aliona dirishani, kwenye duka la kuuza michezo ya watoto wa Kizungu, picha ya gari lake. Aliingia ndani akaambiwa kwamba hicho ni kigari cha kuunganisha, kinakuja vipande vipande ndani ya boksi, kila kipande kimepimwa kutoka kwenye gari la kweli kikafanywa kidogo mara kumi na sita. Boksi lenyewe lilikuwa bado halijafika, lilikuwa linangojwa kwa meli. Bwana Salehe akalilipia hukohuko. Alirudi Ifakara akatuamuru tuweke patasi chini. "Kwa nini tukisie," alisema, "na wenyewe wanatuletea kipimo?"

Basi tukangoja. Ninyi mnaopata kitu kikiagizwa leo na kufika keshokutwa hamwezi kujua kungoja kulivyokuwa. Meli ilichelewa. Kisha boksi likaja na treni hadi Kilosa, na masika yakaanza, na barabara ikakatika. Watu waliofika kutoka Kidatu kwa miguu waliulizwa habari za boksi kabla ya kuulizwa habari za nyumbani kwao. Wauza samaki walitaka kujua kama gari dogo litakuwa na honi. Mtu mmoja alishikilia kwamba ukilimwagia maji litakua. Wakati huo wote Fundi Alfonsi aliendelea na majeneza, na gari kubwa lilikaa kwenye mawe bila mwili likiwa limefunikwa makuti. Hata mimi nilianza kuliota boksi hilo. Jambo ulilolingoja hivyo huna moyo wa kuliambia limekosea.

Boksi lilipofika halikuwa kubwa kuliko la viatu. Ndani mlikuwa na vijiti vya mbao laini, karatasi ngumu zilizokatwa, magurudumu madogo ya plastiki, chupa ya gundi yenye harufu ya kuumiza kichwa, na karatasi ya maelezo ya Kiingereza. Kwa darasa langu la sita mimi ndiye niliyekuwa msomi wa karakana. Niliisoma ile karatasi siku nne. Juu yake waliandika kwa herufi nyekundu kwamba kila kitu ni sahihi kama kwenye gari lenyewe, na chini walichora magari mengine yatakayofuata. Bwana Salehe aliibandika sehemu hiyo ya chini dukani, na watu wakawa wanakuja kuchagua.

Nilikiunganisha kigari mwenyewe, vidole vikanatana, nikakiweka mezani. Kilikuwa kizuri mno. Nilitoa futi yangu mfukoni kwa mara ya kwanza, nikawa napima na kuzidisha kwa kumi na sita, na nilijiona mtu muhimu.

Matatizo yalianzia kwenye usukani. Kwenye kigari usukani ulikuwa kushoto. Kwenye gari letu, chuma chenyewe mbele yetu, ulikuwa kulia. Tena ubavu wa kushoto wa kigari, pale penye dereva, hapakuwa na mlango. Palichorwa mstari tu wa kufanana na mlango. Yaani kigari kilikuwa na milango mitatu, na dereva alipaswa kuingilia upande wa abiria. Niliwaza mchana kutwa. Je, tuzibe kushoto kama boksi linavyosema, au tuzibe kwa dereva kama boksi linavyomaanisha? Mwishoni nikaona kwamba kinachofuatwa ni dereva. Tuzibe kulia.

"Hapo pana mlango," Fundi Alfonsi alisema.

"Kwenye kigari hakuna, Fundi. Ni mstari wa kuchora."

"Mimi sikuosha kigari. Niliosha gari, miaka minane. Milango minne. Na huo wa dereva ndio ulionibana kidole hiki." Alikiinua kidole chake cha shahada kilichopinda.

Bwana Salehe alikuwa amesimama mlangoni pa duka, na nyuma yake wateja. "Fundi, pengine ni mlango wa nyuma uliokubana. Zamani ile. Hawa ndio waliolitengeneza gari, wanajua."

Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba waliotengeneza kigari hawakuwa waliotengeneza gari. Siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria jambo hilo.

Fundi Alfonsi alinigeukia. Alikuwa ameshaweka kamba yake kwenye ubavu wa kulia, fundo moja mwanzo wa mlango, fundo la pili mwisho wake. "Kosmasi, wewe unasemaje?"

Nilikunjua futi yangu nikailaza juu ya kamba yake. Nikapima. Nikasema, "Kwa kipimo hiki, hapa hapana mlango."

Hakugomba. Aliikunja kamba akaitia mfukoni, akarudi kwenye randa yake. Ninyi mliofundishwa na mimi mnajua kwamba sijawahi kumkataza mtu kupima nyuma yangu, na huwa mnanisifu kwa hilo. Sasa mnajua lilikotoka.

Mji wetu haukosi la kucheka. Sokoni wakaanza kumwuliza, "Fundi, kitanda changu kitakuwa na miguu mingapi?" Mwanzoni alicheka nao. Kisha nikaona anapima mbao mara mbili, halafu mara tatu. Siku moja aliniletea fremu ya dirisha aliyoimaliza, akasimama nayo mbele yangu kama mwanafunzi. "Hebu nipimie, mwanangu. Sijiamini." Nilipima. Ilikuwa sawasawa kabisa, na nilimwambia hivyo, lakini nilitamani ardhi inimeze. Baada ya mavuno alisema anarudi Idete kulima mpunga. Alitwaa kamba yake na kijiti chake, akatuachia vifaa vingine vyote, na mimi nikawa fundi mkuu.

Nikaendelea kulijenga gari peke yangu. Kwenye chuma cha ubavu wa kulia nilikuta matundu mawili, moja juu ya jingine, ambayo kigari hakikuwa nayo. Niliyatazama nikashindwa kuamua. Chuma kile kilikuwa na matundu mengi, kila aliyekimiliki alitoboa lake. Yanaweza kuwa ya bawaba za mlango. Yanaweza kuwa ya kufungia taa, au debe la maji. Niliyaziba kwa risasi iliyoyeyushwa, nikayapaka rangi, na nikajiambia kwamba yangekuwa ya mlango, boksi lingejua.

Gari likatoka. Watu wa Kibaoni walishangilia, na Bwana Salehe akaliendesha Idi nzima. Lakini Bwana Salehe alikuwa mtu wa mwili, na aliendesha mwenyewe. Ili aingie ilibidi apande upande wa kushoto, akusanye kanzu, atambae juu ya kiti cha abiria, apitishe mguu mmoja chini ya usukani, kisha aombe mtu amsukumie wa pili. Kutoka kulikuwa vigumu zaidi. Watoto walikuja kutazama. "Ndivyo lilivyotengenezwa," alikuwa akisema, huku akihema. Alitambaa hivyo miaka miwili. Wakati huo nilioa, nikapata mtoto, nikapewa chumba nyuma ya karakana.

Mapenzi ya Bwana Salehe kwa vigari hayakupungua. Kila karatasi mpya ya matangazo aliyotumiwa kutoka Dar es Salaam nilimsomea. Walitangaza kwamba wanatengeneza upya baadhi ya magari yao, safari hii yote ya plastiki, na sahihi zaidi. Tukajiuliza kitu kilichokuwa sahihi kinakuwaje sahihi zaidi, lakini aliagiza. Tulingoja tena, masika mengine tena, na mimi nilingoja kwa hamu ileile kama mtu asiyejifunza.

Boksi la pili lilikuwa gari letu. Lilelile, taa zilezile. Vipande vilikuwa vimeshikana kwenye vijiti kama samaki waliobanikwa. Nilikiunganisha kigari juu ya kaunta ya duka, Bwana Salehe akinipa kipande kimoja kimoja, na nilipofika ubavuni mkono wangu ukasimama. Usukani ulikuwa kulia. Kwa dereva palikuwa na mlango, wa kweli, wenye bawaba zake. Milango minne. Karatasi ilisema ndivyo gari hilo lilivyouzwa katika nchi za Waingereza.

Bwana Salehe aliviweka vigari viwili sambamba. Akakigusa kimoja, kisha kingine.

"Huyu anasema mitatu, huyu anasema minne, na wote wametoka nyumba moja."

"Ndiyo, Bwana."

"Lakini mimi gari langu ni moja, Kosmasi. Kama Alfonsi alisema kweli, basi wewe umenifanya nitambae kama mamba ndani ya gari langu mwenyewe miaka miwili, tena nikamdhihaki mzee wa watu bure. Wallahi, ukweli ukiwa huo, utafunga vifaa vyako na chumba utanipa. Nenda Idete kamlete. Yeye atasema, na tutafuata neno lake."

Nilipanda baiskeli kwenda Idete nikiwa sijui ninalotaka. Nilitaka mzee apewe haki yake. Nilitaka pia mtoto wangu alale kwenye kile chumba. Njia nzima niliyapindua mambo hayo mawili na hakuna lililokaa juu ya jingine.

Nilimkuta shambani anaamia ndege, bonge la udongo mkononi, mpunga umemfika kiunoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Kosmasi. Mama mtoto hajambo?"

"Hajambo. Fundi, boksi la pili limekuja."

Alirusha bonge lake, ndege wakaruka wakatua upande wa pili. "Lina mingapi?"

"Minne."

"Haya." Akainama kuokota bonge jingine. "Na Bwana Salehe anasemaje?"

Nilimweleza yote, na la chumba pia. Sikumwomba kitu. Angalau hilo sikulifanya, au labda kumweleza la chumba ndiko kulikuwa kuomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja kesho, akanipa mkungu wa ndizi niupelekee mke wangu.

Kesho yake duka lilijaa. Fundi Alfonsi aliingia amevaa shati lake la kanisani. Waliosalimiana naye walimwita Mzee, si Fundi. Bwana Salehe alimpa kiti, akamsogezea vile vigari, akasema kwa heshima ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Fundi, mimi na wewe tumekosana kwa ajili ya vitu hivi. Sema wewe leo. Gari langu lilikuwa na milango mingapi?"

Fundi Alfonsi alikitwaa kigari cha pili. Alikigeuza, akautazama ule ubavu wa kulia kwa karibu, akapitisha ukucha wake kwenye ule mlango. Nilijua anachokiona. Nilikuwa tayari nimeshajiandaa, moyoni nafunga vifaa vyangu kimoja kimoja. Akakirudisha kwenye kaunta.

"Mitatu," alisema. "Mimi nilikosea. Ni uzee."

"Una hakika, Fundi?"

"Mitatu, Bwana Salehe. Kosmasi alipima vizuri."

Mtu mmoja alicheka, na wengine wakamfuata. Bwana Salehe alishusha pumzi, sijui kwa kuridhika au kwa kukata tamaa, akaagiza chai. Wote waligeuka kunitazama mimi. Palikuwa na nafasi hapo, ndefu kabisa ya kutosha mtu kusema maneno mawili. Nilikunywa chai.

Nilimsindikiza hadi nje ya mji, nikikokota baiskeli kando yake. Tulipita nyumba za mwisho ndipo nikapata sauti. "Fundi, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Ulivyosema."

Alisimama akanitazama. Nimeukumbuka uso ule maisha yangu yote na siwezi kuusoma. Kuna siku naona alikuwa ananihurumia. Kuna siku naona alikuwa ananipima. Na kuna siku, hizo ndizo mbaya zaidi, naona kwamba alikuwa hajui tena, kwamba tulimcheka mpaka tukamwondolea kumbukumbu zake mwenyewe, na alikuwa ananiuliza kwa kweli.

"Kwani wewe unasema ilikuwa mingapi?"

"Minne, Fundi. Ilikuwa minne. Ulisema kweli."

Alitikisa kichwa polepole. "Ungesema pale dukani," akasema, akaendelea na njia yake ya Idete.

Sikurudi dukani kusema. Nilikaa kwenye kile chumba miaka sita zaidi, na Bwana Salehe alitambaa ndani ya gari lake mpaka alipoliuza. Fundi Alfonsi alifariki Idete, na kwenye mazishi yake, ndugu mmoja akisimulia maisha yake, aliwachekesha waombolezaji kwa habari za fundi aliyesahau milango ya gari. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili.

Daftari mlilonipa bado lina kurasa nyingi, lakini sina jingine. Somo la kazi mtalitafuta wenyewe, maana mimi nimelitafuta humu nikapotea. Lakini nawaomba mzisome kurasa hizi kwa sauti pale karakana, mlango ukiwa wazi ili na walio dukani wasikie: ilikuwa minne.